Tangambili: Mwongozo wa Kuvuka Miezi Kati ya Mkataba na Mkataba

Mwaka 2016 nilimaliza mkataba wa miezi 14. Kazi ilikuwa kusimamia ukusanyaji wa takwimu katika mikoa minne, malipo yalikuwa mazuri, na mwezi wa mwisho nilinunua kiwanja Chanika. Miezi mitano baadaye nilikiuza kiwanja kilekile kwa hasara, kwa mtu aliyekwisha kujua kwamba nina haraka, ili nilipe kodi ya nyumba na ada ya mtoto. Mkataba mwingine ulikuja mwezi wa saba. Kununua kiwanja hakukuwa kosa. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba pesa ya miezi 14 ni ya miezi 14. Ilikuwa ya miezi 21.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili yako unayeishi kwa mikataba: mfasiri, mkalimani, mhariri, mtafiti, mkufunzi wa warsha, mpiga picha wa miradi, mtu wa mifumo ya kompyuta, mtaalamu mwelekezi. Mifano ni ya Tanzania, maana ndiko ninakofanyia kazi.

Mabaharia wa pwani yetu wana jina la majira yaliyo kati ya kusi na kaskazi: tangambili. Upepo mmoja umekwisha, mwingine haujashika. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni yaliteremka Lamu, Mombasa na Zanzibar kwa kaskazi, yakangoja kusi ndipo yarudi. Nahodha hakukuita kungoja huko mkosi. Alikuwa amekuhesabu tangu akipakia tende kule alikotoka: chakula cha mabaharia wake, pamba ya kukalafati, sifa ya kupaka mbao. Sisi watu wa mikataba tunaumia kwa sababu tunahesabu safari na kusahau kungoja.

1. Ijue kalenda ya kazi yako

Chukua daftari. Andika mikataba yako yote ya miaka mitatu iliyopita, na mbele ya kila mmoja weka tarehe tano: siku ulipoulizwa kama una nafasi, siku uliposaini, siku ulipoanza, siku ulipomaliza na siku pesa ilipoingia. Tarehe hizo zitakuonyesha mambo mawili.

La kwanza ni kwamba ukame wako una majira. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Kuanzia Aprili idara zinakimbizana kumaliza mafungu, kazi zinamiminika. Julai na Agosti mafungu mapya bado hayajafunguka, simu zinanyamaza. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha, nayo hufuata Julai hadi Juni. Serikali ya Marekani huanza mwaka wake wa fedha 1 Oktoba. Mashirika mengi yanayofuata mwaka wa kalenda hufunga milango katikati ya Desemba, na huwezi kumpata wa kukusainia kitu mpaka Januari inakaribia kwisha, wakati wewe ada za shule zimekwisha kukufikia. Mkalimani wa Arusha anajua vikao vya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu vinaangukia lini. Aliyefanya kazi ya sensa anajua ilifanyika 23 Agosti 2022 na kwamba sensa hurudi baada ya miaka kumi, kwa hiyo hiyo haiwi tegemeo la mtu.

La pili ni kwamba ukame wa kazi na ukame wa pesa havianzi wala haviishi siku moja. Mkataba ukiisha leo, malipo ya mwisho huenda yakaingia baada ya miezi miwili. Hapo utajiona salama, kumbe saa imekwisha kuanza kuhesabu. Na mkataba mpya ukisainiwa, kuna ripoti ya awali, kuna idhini, kuna ankara, kuna siku 30 za kulipa. Tangu tangazo la kazi kutoka mpaka shilingi ya kwanza kukufikia, miezi minne ni jambo la kawaida. Hesabu zako zifuate tarehe ya tano, ile ya pesa kuingia.

Upo pia ukame usio na majira. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia 1 Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limeacha kuendesha misaada hiyo. Hapa kwetu mikataba ilisimama katikati ya kazi. Kuna watu waliokuwa na wateja watatu na wakiamini wamejikinga. Ndipo wakagundua kwamba wote watatu walikuwa wakichota kisima kimoja. Rudi kwenye daftari lako, na mbele ya kila mteja andika fedha zake zinatoka wapi. Chanzo kimoja kikizidi nusu ya mapato yako ya mwaka, jukumu lako la kwanza ni kupata chanzo cha pili, hata kama kinalipa kidogo.

2. Mkataba ulipie na ukame wake

Watu wengi hupanga bei kwa kuutazama mshahara wa rafiki aliyeajiriwa. Tufanye hesabu. Tuseme nyumba yako inatumia shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Ongeza gharama za kazi yenyewe: kompyuta, intaneti, usafiri, bima ya afya, akiba ya uzeeni na kodi ya mapato. Tuseme 5,600,000. Jumla ni 20,000,000.

Mwaka una siku za kazi 250 hivi. Ukigawa milioni 20 kwa 250 unapata 80,000 kwa siku, na wengi huona hiyo ni bei nzuri. Sasa lifungue daftari. Siku ulizolipwa kweli mwaka jana ni ngapi? Tuseme ni 100. Ukilipwa 80,000 kwa siku 100 unapata milioni 8 kwa mwaka, nusu tu ya mahitaji ya nyumba na ziada kidogo. Bei yako halisi ni milioni 20 kugawa kwa 100, yaani 200,000 kwa siku. Ile 120,000 iliyoongezeka ndiyo inayolisha siku ambazo simu hailii, na mteja anayekuita leo na kukuacha kesho anapaswa kuilipa, kwa kuwa hakukuajiri.

Mteja akisema bei ni kubwa, mweleze kwa upole kwamba hakulipii likizo, hakulipii matibabu, hachangii pensheni yako. Akishindwa kabisa, punguza kazi: badala ya siku 20 mpe 12, badala ya wilaya sita fanya nne. Bei ya siku ikishuka mara moja, mteja huyo ataikumbuka daima, na atawasimulia wenzake.

Kisha tazama namna ya kulipwa. Usisaini mkataba unaolipa pesa yote mwisho wa kazi. Omba awamu tatu: sehemu ya 30 kwa mia ukikabidhi ripoti ya awali, 40 ukikabidhi rasimu, 30 ukikabidhi kazi iliyokamilika. Mkataba utaje pia muda wa mteja kutoa maoni, mathalani siku 14, la sivyo rasimu yako italala mezani kwa mtu aliyesafiri. Niliwahi kungoja malipo ya mwisho kwa miezi minane kwa sababu hadidu za rejea zilisema nitalipwa “baada ya ripoti kuidhinishwa” na hazikusema nani ataidhinisha.

3. Pesa ikiingia, ijengee ghala

Fungua akaunti mbili. Ya kwanza iite ghala: malipo yote ya mikataba yanaingia humo, na kadi yake haikai kwenye pochi. Ya pili ni ya nyumba. Kila tarehe mosi ghala linailipa nyumba mshahara uleule, 1,200,000 katika mfano wetu, iwe una kazi au huna. Mwezi wa neema usiule kwa neema yake. Watoto wako hawapaswi kujua kwa sahani kwamba baba au mama ana mkataba.

Lengo la ghala ni miezi sita ya nyumba, hapa 7,200,000. Miezi minne ni ile ya tangazo mpaka malipo, na miwili ni ya maombi yatakayokataliwa. Hutalijaza kwa mkataba mmoja, lakini mkataba wowote usipite bila kuacha kitu ndani yake. Sehemu ya ghala inaweza kukaa mahali inapozaa bila kufungwa, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao unaweza kutoa pesa yako ndani ya siku chache. Kiwanja, bodaboda ya kumpa mtu au shamba la matikiti si ghala. Hayo ni mema yote, yaje ghala likishajaa.

Kabla ya lolote, toa kodi. Mteja wa ndani anayelipa huduma za kitaalamu hukata 5 kwa mia ya kodi ya zuio. Mdai cheti cha zuio hilo kila anapokulipa na ukitunze: kiasi hicho huhesabiwa unapokamilisha kodi yako ya mwaka katika Mamlaka ya Mapato (TRA). Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba. Wengi hawafahamu kwamba mapato yakianguka katikati ya mwaka wanaweza kupeleka makadirio mapya ya chini. Ukame ukikukuta, nenda TRA mapema ukayarekebishe. Deni la kodi linalokua kimyakimya ndilo litakalokula malipo ya mkataba unaofuata.

Jambo la mwisho kuhusu siku ya malipo: lipa mbele vile ambavyo havikwepeki. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na sote hulalamika. Kwa mtu wa mikataba, utaratibu huo unaweza kuwa ngao: ukilipa siku pesa ilipoingia, ukame ukija una paa. Fanya vivyo hivyo kwa ada ya muhula na bima ya afya. Mpunga ukivunwa na bei ikapoa katikati ya mwaka, nunua gunia. Mwenye mchele na maharage ndani hujadili mkataba kwa sauti iliyotulia.

4. Wiki ya mwisho ya mkataba

Kazi ya kuvuka ukame huanza ungali ofisini kwa mteja, watu wakiwa bado wanakujua kwa jina. Kabla hujaondoka, fanya haya:

- Peleka ankara ya mwisho, na upate uthibitisho wa maandishi kwamba imepokelewa na nani anaishughulikia.
- Omba barua ya kuthibitisha kazi uliyoifanya, yenye tarehe na kiasi. Ukiiomba mwaka ujao, aliyekusimamia atakuwa amehama.
- Uliza kama unaruhusiwa kuonyesha sehemu ya kazi hiyo kwa wateja wengine, na ihifadhi sehemu mbili.
- Andika wasifu wako upya siku hiyohiyo. Wilaya ngapi, watu wangapi waliohojiwa, kurasa ngapi, lugha zipi: baada ya miezi mitatu utakuwa umesahau.
- Kama mkataba ulikuwa wa ajira ya muda na mwajiri alikuchangia katika mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, uliza kuhusu mafao ya kukosa ajira. Mwenye mkataba wa kutoa huduma hamo katika mafao hayo, ila anaweza kujichangia mwenyewe kama aliyejiajiri, kwa ajili ya uzee wake.

5. Mwezi wa kwanza

Wiki moja pumzika. Lala, kanyoe, katembelee wazee. Mwili uliotoka kwenye miezi ya usiku na ripoti unadai haki yake, na ukiunyima utaumwa wakati huna pesa ya kuumwa.

Wiki ya pili kaa na mwenzako mpitie matumizi. Kata mapema. Nyumba ikishuka kutoka 1,200,000 hadi 900,000 tangu mwezi wa kwanza, ghala la 7,200,000 linatoka miezi sita na kufika minane. Ukingoja mpaka mwezi wa tano uishe ndipo ukate, 1,200,000 tu ndiyo itakuwa imebaki, na kupunguza hakutaongeza hata wiki mbili. Usikate bima, intaneti wala usafiri wa kwenda kuonana na watu: hivyo ndivyo vitakavyokuleta kazini tena.

Kisha jiwekee saa za kazi. Saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana ni za kutafuta. Mchana ni wa kunoa. Jioni ni ya nyumbani. Amka, oga, vaa, toka chumbani. Kama nyumba ina watoto na redio, Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohammed, Dar es Salaam, imekuwa ofisi ya wengi wetu. Saa za mchana zipe kitu kimoja chenye mwisho: programu moja ya uchambuzi wa takwimu, cheti kimoja, makala moja. Mtu aliyeanza kozi nne ana sababu nne za kujilaumu.

6. Kutafuta

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Upwa wako ni watu unaowajua tayari. Andika majina 40 ya waliowahi kufanya kazi nawe, wakubwa kwa wadogo, wakiwamo madereva wa miradi na wahasibu, ambao husikia habari za mradi mpya kabla ya tangazo. Waandikie kumi kila wiki, kila mmoja kwa jina lake, kwa maneno machache:

“Habari za kazi, kaka. Natumaini ile ripoti ya maji tuliyoifunga Mei imewafaa. Kazi niliyokuwa nayo imekwisha, nina nafasi kuanzia tarehe 10. Mkiwa na andiko la kuhariri au warsha ya kuandika ripoti, nitashukuru kusikia. Na ukimwona mwingine mwenye uhitaji, naomba umpe namba yangu.”

Humlilii mtu. Unamweleza unachoweza, lini, na umemkumbusha kazi aliyoiona kwa macho.

Milango ya kiserikali nayo ina utaratibu wake. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma zinapita katika mfumo wa NeST. Kujisajili kunataka nyaraka, kwa hiyo jisajili wakati huu wa utulivu, kabla hujaiona zabuni inayofungwa kesho. Mfasiri na mkalimani wa Kiswahili aingie katika kanzidata ya wataalamu ya Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA). Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, na kazi hizo hutafuta watu walio na majina mahali panapojulikana.

Ukiombwa kazi ya majaribio bila malipo, kubali ukurasa mmoja. Anayetaka sura nzima anataka kitabu bure.

7. Mikopo

Ukame ukikolea, simu yako itakuwa ya kwanza kukupa pesa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Zipo zilizokuwa zikichukua orodha ya namba za simu ya mkopaji na kuwatumia watu wake ujumbe wa kumdhalilisha. Kwa mtu wa mikataba, orodha hiyo ya namba ndiyo duka lake. Usiiweke rehani kwa shilingi 50,000. Epuka vivyo hivyo ile mikopo ya kausha damu, inayodai marejesho kila siku kutoka kwa mtu asiyepata pesa kila siku.

Ukilazimika kukopa, kopa kwenye kikoba chako au SACCOS, palipo na watu wanaokujua, kopa dhidi ya ankara iliyokwisha kukubaliwa, na usikope kwa kutegemea mkataba ambao haujasainiwa. Ndiyo maana kikoba huchangiwa wakati wa neema bila kukosa wiki.

8. Nyumbani

Wengi wetu tunauficha ukame. Tunavaa asubuhi, tunabeba begi, tunaenda kukaa mahali. Nilifanya hivyo wiki sita. Mke wangu alijua tangu wiki ya pili, na kilichomuuma zaidi ni kubeba siri yangu peke yake. Mwambie mwenzako siku mkataba unaposainiwa, si unapoisha: huu ni wa miezi minne, na baada yake tujiandae kwa sita.

Ndugu nao waambiwe. Aliyezoea kutumiwa kila mwezi hawezi kukisia kwamba kisima kimekauka. “Shangazi, kwa sasa sina kazi, nitakujulisha nikipata” ni maneno mazito kuyatamka, lakini humlinda shangazi na kungoja bure, nawe yanakulinda na kukopa ili utoe. Na ukijikuta hulali, huli, hutaki kuonana na mtu kwa wiki kadhaa, hiyo imevuka mambo ya kazi. Nenda hospitali ukaonwe, kama ungeenda kwa malaria.

9. Lini uache kungoja

Weka tarehe mapema: siku ghala litakapobaki na miezi mitatu. Ikifika bila mkataba, chukua kazi ya pembeni: kufundisha jioni, kuhariri tasnifu za wanafunzi, kuandikia vikundi kumbukumbu za mikutano. Haikushushi. Ghala likibaki na mwezi mmoja, omba ajira. Na kama daftari linaonyesha kwamba kila mwaka ukame unarefuka na siku za kulipwa zinapungua, tatizo limehama kutoka kwenye majira na kuingia kwenye soko lenyewe. Hapo badilisha unachouza kabla hujakosa nauli ya kukiuza.

Sasa kila ninaposaini mkataba, naandika namba mbili kwa kalamu juu ya ukurasa wa kwanza wa nakala yangu. Namba ya kwanza ni miezi ya kazi. Ya pili ni miezi ambayo pesa hiyo lazima itulishe. Mkataba ulio mezani kwangu leo umeandikwa 5 na 11. Chukua wako, hata kama umeuanza zamani, uandike namba zako mbili, kisha umwonyeshe unayekula naye.